Maswali ya Wasomaji: Pipa Lile Lile, Nauli Mbili

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza juu ya matajiri wa Marekani wa karne ya 19 na jinsi walivyopata mali yao. Nimechagua nne. Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, mimi si profesa. Nilikuwa karani wa mizigo kwa miaka 31, kazi yangu kuandika hati za shehena, na historia nimeisoma usiku baada ya kutoka kazini. Ndiyo maana majibu yangu huanzia kwenye mzigo na gharama ya kuusafirisha.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa biashara. Mwalimu wetu anasema John D. Rockefeller alitajirika kwa sababu ya nidhamu ya hesabu. Kaka yangu anasema alikuwa mnyang'anyi aliyependelewa na kampuni za reli. Tumebishana mpaka tukanuniana. Nani kasema kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ninyi wawili mnazungumzia mikataba miwili tofauti, ndiyo maana hamkutani.

Tuanze na kijana mwenyewe. Tarehe 26 Septemba 1855, akiwa na miaka 16, Rockefeller aliajiriwa kuwa msaidizi wa mtunza hesabu kwenye kampuni ya Hewitt & Tuttle mjini Cleveland, jimbo la Ohio. Siku hiyo aliiadhimisha kila mwaka mpaka uzeeni. Watu husimulia jinsi alivyokuwa mkali wa senti, lakini husahau kusema vile vitabu vya hesabu vilihusu nini. Hewitt & Tuttle walikuwa mawakala wa bidhaa na mizigo. Shehena ya marumaru kutoka Vermont ilipitia reli, mfereji na ziwa kabla ya kufika Cleveland. Ikifika na mawe yaliyovunjika, lazima mtu akae chini aamue nani kati ya wasafirishaji wale anabeba hasara, na kwa kiasi gani. Aliyekaa chini ni yule kijana. Kazi hiyo naijua. Ukiifanya mwaka mmoja tu, huwezi tena kuona kitu dukani bila kujiuliza kimefikaje pale.

Basi alipoingia kwenye biashara ya mafuta ya taa, aliiona kwa jicho hilo. Mafuta ghafi yalitoka magharibi mwa Pennsylvania, kule Titusville ambako Edwin Drake alichimba kisima chake mwaka 1859. Kuyasafisha hakukuwa na siri kubwa, na miji iliyogombea kazi hiyo ilikuwa mingi: Pittsburgh, Philadelphia, New York, Cleveland. Ukitazama ramani, Cleveland ndiyo iliyokaa vibaya. Mafuta ghafi yalipelekwa magharibi mpaka Cleveland, yakasafishwa, kisha yakarudishwa mashariki mpaka New York, ambako meli za kwenda Ulaya zilipakia. Lakini Pittsburgh ilikuwa mikononi mwa reli moja, ile ya Pennsylvania. Cleveland ilikuwa na reli zaidi ya moja zinazogombea mizigo yake, na barafu ikiyeyuka ilikuwa pia na Ziwa Erie na njia ya mfereji mpaka New York. Mwenye mzigo akiwa na njia tatu mbele yake, yeye ndiye anayebembelezwa.

Halafu kuna mapipa. Pipa la kununua liligharimu dola 2.50. Rockefeller na wenzake wakaanza kutengeneza ya kwao kwa chini ya dola moja. Watengenezaji wengine walisafirisha mbao za mwaloni zikiwa mbichi. Yeye aliagiza zikaushwe kwenye tanuri kulekule msituni, ndipo zipakiwe. Maji yana uzito, na uzito hulipiwa nauli. Hapo hakumdhulumu mtu. Alifikiri tu mbele ya wenzake, na mwalimu wako ana haki ya kumsifia.

Sasa mkataba wa kwanza. Kuelekea mwaka 1870, mshirika wake Henry Flagler alikwenda kuzungumza na reli ya Lake Shore. Nauli iliyotangazwa, kwa kuleta mafuta ghafi Cleveland na kupeleka yaliyosafishwa New York, ilikuwa dola 2.40 kwa pipa. Flagler akapewa kwa dola 1.65. Kwa kuitazama haraka unaweza kusema ni upendeleo. Lakini angalia alichotoa. Aliahidi mabehewa 60 ya mafuta kila siku, bila kukosa. Aliahidi kuacha njia ya maji wakati wa kiangazi. Na moto ukitokea, hasara ingekuwa ya kampuni yake. Kwa reli hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Treni ya mchanganyiko husimama kila kituo, inaacha behewa hapa, inaokota jingine pale. Treni nzima ya mafuta matupu huondoka Cleveland ikafika New York moja kwa moja. Safari ya kwenda na kurudi iliyochukua siku 30 ikawa siku 10, na kazi iliyohitaji mabehewa 1,800 ikafanywa na 600. Yeyote aliyewahi kulala kituoni akisubiri behewa tupu lirudi anaelewa hesabu hiyo ina thamani gani. Punguzo lile liliwaumiza washindani wadogo, sikatai, lakini lilitokana na kazi iliyopungua kweli.

Mkataba wa pili ni wa mwaka 1872, na hapo ndipo kaka yako anapoingia. Reli tatu, Pennsylvania, Erie na New York Central, zilikubaliana kimya kimya na kundi la wasafishaji mafuta, Rockefeller akiwamo, kwa jina la South Improvement Company. Nauli zingepandishwa sana kwa kila mtu, kisha wanachama warudishiwe sehemu ya fedha zao. Kwenye mafuta ghafi ya kwenda Cleveland, kampuni ya Rockefeller, Standard Oil, ingerudishiwa senti 40 kwa kila pipa lake. Mpaka hapo ni punguzo kama mapunguzo mengine. Lakini soma kifungu kinachofuata: kwa kila pipa la mshindani wake lililokwenda Cleveland, Standard Oil ingepokea senti 40 nyingine. Yaani mshindani analipa nauli kamili ya mzigo wake mwenyewe, na sehemu ya fedha hizo inakwenda kwa yule anayetaka kumfunga kiwanda. Kadiri anavyosafirisha zaidi, ndivyo anavyomlisha adui yake.

Nimesoma hati nyingi maishani mwangu, na sioni kifungu kibaya kuliko hicho.

Habari ilivuja Februari 1872. Wachimbaji wa Titusville na Oil City walifanya mikutano ya hasira usiku, wakagoma kuwauzia mafuta ghafi wanachama wa mpango ule. Kufikia Aprili bunge la Pennsylvania lilikuwa limeifuta kampuni hiyo, na mpango ukafa kabla haujaanza kutumika. Lakini katika zile wiki chache ambazo kila mtu Cleveland aliamini kwamba unakuja, Rockefeller alizunguka kwa washindani wake akiwataka wauze. Kati ya viwanda 26 alinunua 22. Mwaka 1870 Standard Oil ilisafisha kama asilimia 10 ya mafuta ya Marekani. Miaka kumi baadaye ilikuwa karibu asilimia 90.

Kwa nini nalichukulia moyoni jambo la miaka 150 iliyopita? Nikiwa na mwaka wa pili kazini, hati mbili zilifika mezani kwangu asubuhi moja. Bidhaa ile ile, uzito karibu sawa, kituo kimoja cha kupakia, kimoja cha kushusha. Zote mbili ziliandikwa nauli kamili. Lakini nyuma ya moja kulikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: robo ya fedha irudishwe kwa mteja mwisho wa mwezi. Nikamuuliza mkuu wangu. Akachomoa pini, akatia karatasi mfukoni, akaniambia niendelee na kazi. Mteja wa hati ile nyingine alikuwa akija kulipa mwenyewe dirishani, na kila mara alinisalimia kwa jina langu. Sikuwahi kumwambia. Kwa hiyo ninaposoma kwamba wasafishaji wadogo wa Cleveland waliuza viwanda vyao kwa sababu hawakuona tena jinsi ya kushindana, nauona uso wa yule mteja.

Serikali ya Marekani ilichelewa. Sheria ya biashara kati ya majimbo ilitiwa saini Februari 1887 na kuunda tume ya kusimamia reli, lakini punguzo za siri ziliendelea mpaka sheria nyingine ya mwaka 1903 ilipozibana zaidi. Mwaka 1907 Jaji Kenesaw Mountain Landis aliitoza Standard Oil ya Indiana faini ya dola 29,240,000 kwa kusafirisha mafuta kwa senti 6 kila paundi 100 wakati nauli iliyotangazwa ilikuwa senti 18. Hesabu yake ilikuwa wazi: makosa 1,462, kila moja dola 20,000. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua. Tarehe 15 Mei 1911 Mahakama ya Juu ikaamuru Standard Oil ivunjwe, ikagawanyika kuwa kampuni 34. Rockefeller alibaki na hisa zake katika vipande hivyo, na vipande vikapanda bei.

Mkapatane na kaka yako.

SWALI: Mzee wangu, mimi ni katibu wa chama cha wakulima. Nimesoma kwamba mtindo wa kuchanganya nafaka za watu wote kwenye ghala moja na kuwapa stakabadhi ulikomaa Chicago. Wakulima wale walikubalije nafaka yao ipotelee kwenye ya wengine?

JIBU: Ndugu katibu, hawakuulizwa. Mashine ndiyo iliyoamua.

Zamani ngano ya Marekani ilisafiri kwenye magunia. Gunia lilikuwa na mwenyewe tangu shambani mpaka linapouzwa New York au New Orleans, na likilowa njiani ni hasara yake. Vibarua walilibeba mgongoni kutoka boti hadi ghala, kutoka ghala hadi boti. Mwaka 1842 huko Buffalo, Joseph Dart na fundi Robert Dunbar walijenga ghala lenye mkanda wa ndoo unaozungushwa na mvuke. Ndoo zinachota nafaka kutoka tumboni mwa meli, zinaipandisha juu kabisa, zinaimwaga kwenye mapipa makubwa ya ghala. Kushusha ni kufungua tu mlango wa chini, nafaka ikatiririka yenyewe. Chicago iliyachukua maghala hayo kuanzia mwaka 1848, mwaka ule ule reli yake ya kwanza ilipoanza na soko lake la bidhaa kuundwa.

Lakini mkanda wa ndoo haujui gunia. Unataka nafaka itiririke kama maji. Na mwenye ghala hawezi kumtengea kila mkulima pipa lake, la sivyo ghala zima litajaa mapipa yenye nafaka kiduchu kila moja. Ndipo mwaka 1856 soko la bidhaa la Chicago likagawa ngano katika makundi, nyeupe ya majira ya baridi, nyekundu ya majira ya baridi, na ile ya majira ya kuchipua. Ukileta ngano ya kundi fulani unapewa stakabadhi, na siku ya kuchukua unapata ngano ya kundi lile, si ile uliyoleta. Ile karatasi ikaanza kuuzwa na kununuliwa yenyewe. Kabla ya muda mrefu watu walikuwa wakiuziana ngano ambayo bado iko shambani, na mwaka 1865 soko likaweka kanuni rasmi za mikataba hiyo.

Jambo hilo lilikuwa na faida ya kweli, lazima niseme. Mkulima aliweza kupata fedha siku anayoleta, badala ya kusubiri miezi gunia lake lifike pwani. Uchungu ulikuwa kwingine: kila kitu kilimtegemea mtu anayeshika mizani na ufunguo. Yeye ndiye anayesema ngano yako ni ya daraja gani. Wenye maghala ya Chicago walikuwa wachache, wakipatana ada baina yao, na walikuwa na mikataba na reli, hivyo mkulima hakuchagua nafaka yake iingie ghala lipi.

Kampuni moja iliitwa Munn & Scott. Mwaka 1872 ilikuja kujulikana kwamba ghalani mwao hamkuwa na nafaka inayolingana na stakabadhi walizotoa. Walikuwa wamepigilia mbao juu ndani ya baadhi ya mapipa ya ghala, karibu na mdomo, kisha wakatandaza ngano juu ya mbao. Anayechungulia kutoka juu anaona pipa limejaa. Chini ya mbao ni hewa. Soko la bidhaa likawafukuza.

Na jina lao ndilo lililobaki kwenye sheria. Jimbo la Illinois lilikuwa limeweka kiwango cha juu cha ada ya ghala mwaka 1871, kwa msukumo wa wakulima, na likawashtaki kwa kuendesha ghala bila leseni. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1877 majaji wakaamua, saba kwa wawili, kwamba mali binafsi ambayo umma mzima unalazimika kuitumia inaweza kuwekewa masharti na serikali. Wakili yeyote wa Marekani anaijua kesi ya Munn dhidi ya Illinois. Ukirudi kwa wanachama wako, waambie kuhusu zile mbao, kisha muweke utaratibu wa mtu wa chama kuingia ghalani na kijiti kirefu cha kupimia, si kuchungulia tu.

SWALI: Baba, mimi nauza nyama. Uliandika toleo lililopita kwamba reli za Marekani zilimpinga Gustavus Swift alipotaka kusafirisha nyama kwenye mabehewa ya barafu. Kwa nini wakatae mteja?

JIBU: Kwa sababu alikuwa akiwapunguzia mzigo, mama. Wewe unajua bila kuambiwa: ng'ombe akishachinjwa, zaidi ya theluthi ya uzito wake si nyama ya kuuza. Ng'ombe hai akitoka Chicago kwenda Boston au New York, reli inalipwa nauli ya kwato, pembe, matumbo na kinyesi. Wengine wanakonda njiani, wengine wanafika wamekufa. Swift, mchinjaji kutoka Cape Cod aliyehamia Chicago mwaka 1875, alitaka kuchinja kulekule na kupeleka nyama peke yake. Reli zilikuwa zimeweka fedha nyingi kwenye mabehewa ya mifugo, na zilikuwa wamiliki wakubwa wa mazizi ya Union Stock Yard, yaliyofunguliwa Chicago siku ya Krismasi mwaka 1865. Zikakataa kumjengea mabehewa, na nyama iliyochinjwa zikaipangia nauli kubwa ili ile faida imezwe.

Swift akajenga mabehewa kwa fedha zake. Mhandisi wake, Andrew Chase, aliweka masanduku ya barafu kwenye ncha mbili za behewa, juu karibu na paa. Hewa baridi ni nzito, inashuka na kupita kwenye nyama, na ile ya joto inasukumwa nje. Nyama haigusi barafu. Majaribio ya kabla yake yaliziacha zigusane, na nyama ikabadilika rangi. Barafu yenyewe ilikatwa ziwani wakati wa baridi na kuhifadhiwa kwenye vituo njia nzima ili masanduku yajazwe upya. Kisha akaipata reli ya Grand Trunk, inayopita Kanada. Hiyo haikuwa na biashara kubwa ya mifugo ya kulinda. Ikamchukua.

SWALI: Mzee, ni kweli kwamba kampuni za reli ndizo zilizobadilisha saa za Marekani? Nani aliwapa ruhusa?

JIBU: Ni kweli, na hawakuomba ruhusa kwa mtu. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, jua likiwa utosini, na kupanga treni kulikuwa mateso. William F. Allen, katibu wa mkutano wa ratiba wa kampuni za reli, aligawa nchi katika kanda, na Oktoba 1883 wakuu wa reli wakakutana Chicago kuzikubali. Jumapili ya tarehe 18 Novemba 1883 saa zikarekebishwa. Mjini New York zilirudishwa nyuma karibu dakika 4, hivyo waliokuwa wakisikiliza kengele walisikia adhuhuri mara mbili. Miji mingi ilifuata kwa sababu aliyeshika saa ya jua aliachwa na treni. Bunge la Marekani lilikuja kulifanya jambo hilo kuwa sheria tarehe 19 Machi 1918.